Phelesia Mokeira wa Rodi Kopany, Aliyekataa Barua Isomwe

Alizaliwa mwaka 1926 huko Tabaka, katika milima ya Kisii, binti wa mchonga mawe, akabatizwa kwa jina la Phelesia alipokuwa na miaka kumi na minne. Aliolewa na Gichana, mchuuzi wa ndizi, wakahamia Rodi Kopany. Gichana alipofariki mwaka 1957 bila kumwachia mtoto, padre alimkabidhi mjane huyo chuma cha kuokea hostia, mikate myembamba ya Misa, na huo ndio uliokuwa wito wake. Kila Ijumaa alikoroga unga wa ngano kwa maji, akaubana katikati ya mabapa mawili ya chuma juu ya makaa, kisha akakata hostia moja moja. Mimi Ogeto, katekista wa kigango cha Rodi Kopany, ndimi niliyezipokea, na nilizikagua vizuri, kwa maana sikuwa mwepesi wa kumwamini mtu.

Mwaka 1962 nyayo zake zilianza kuwaka kama zimepakwa pilipili, na madoa ya zambarau yakatokea miguuni. Baadaye wayo wa kulia ukalegea, ukawa unaburuta vumbi, naye akauinua kwa ukanda wa mpira wa baiskeli aliofunga chini ya goti. Kisha ganzi ikapanda mikononi. Ijumaa moja ya Kwaresima, mwaka 1964, nilinusa nyama ikiungua jikoni kwake, nikamkuta ameshika chuma chenye moto, anasali kwa utulivu, hana habari. Wengine waliita muujiza. Mimi nilishuku ukoma, na nasikitika kusema kwamba nilishuku kwa sauti.

Tulimpeleka zahanati. Mganga akamfunika macho kwa leso, akamchoma kwa pini mguuni.

“Hii nayo unasikia, mama?”

“Gani?” akauliza Phelesia.

Ikatosha. Jumapili iliyofuata watu walimwachia benchi zima. Majirani Wajaluo walisema ni chira, adhabu ya mwiko uliovunjwa. Sisi Wakisii tulinong'ona uchawi. Nyaboke, mwenyekiti wa akina mama, alimwambia mbele ya mlango wa kanisa, “Mama, hii mkono yako haiwezi kupika mkate ya Bwana tena.” Phelesia aliomba jambo moja tu, apimwe na daktari, kwa kuwa kazi ile ndiyo aliyoipenda kuliko kitu chochote duniani. Nyaboke akachukua chuma.

Padre alimpeleka hospitali kubwa, wakamkata kipande kidogo cha mshipa wa fahamu karibu na kifundo cha mguu. Aliporudi mwezi wa nane, padre alifungua barua ya daktari ofisini, nami nikamfasiria Phelesia kwa Kikisii. Haukuwa ukoma. Mishipa ya damu ilikuwa imevimba kwa ndani, na mishipa ya fahamu, kwa kukosa damu, ilikuwa imekufa. Vidonge vingezuia ugonjwa usiendelee, lakini hisia zilizopotea huenda zisirudi. Padre alifurahi, akaahidi kuisoma kanisani Jumapili na kumrudishia chuma chake. Phelesia akasema maneno ambayo sijayasahau:

“Baba, usiisome. Ukiisoma, mimi nitaingia na Nyamweya atabaki nje.”

Nyamweya alikuwa na ukoma kweli. Alitibiwa akapona, lakini vidole vilikuwa vimekwisha, na kwa miaka sita alisikiliza Misa kwenye baraza, chini ya dirisha. Padre alimsihi Phelesia, hakubadilika. Jumapili hiyo alikwenda kuketi barazani kando ya Nyamweya. Hakuoka hostia tena maisha yake yote. Nami, niliyeijua barua, nilinyamaza. Tena nilijiambia kwamba hata daktari hukosea.

Pasaka ya 1966 Nyaboke, sijui kwa nini, alitoka akaketi nao. Wengine wakafuata, polepole, kila mmoja akimtazama mwenzake kwanza. Phelesia alifariki tarehe 9 Juni 1968. Nyamweya alibeba jeneza pamoja na wanaume wengine, akaingia nalo kanisani, akakaa benchi la mbele, na hakuna aliyehama.

Mchimba dhahabu mmoja wa Masara anadai udongo wa kaburi lake ulimponya mguu. Namjua mtu huyo. Mguu wake haukuwahi kuugua. Naandika haya sasa kwa kuwa Nyamweya naye amelala katika Bwana, na barua haiwezi kumwacha nje tena. Ndugu mwamini, usitafute udongo. Mwige Phelesia alivyokubali kudhaniwa vibaya ili mwenzake asibaki peke yake. Najua si rahisi. Siku ya mazishi Nyamweya aliponinyooshea mkono tupeane pole, mimi katekista, niliyefasiri barua kwa kinywa changu, niliukagua mkono ule kwanza, naye akaniona.