Sijaiona, Sijamwona

Mwaka jana, ndugu yangu, nikiwa na mvi za kutosha kujaza mto wa kulalia, nilikuwa nakaa dawati moja na vijana wa rika la wanangu katika masomo ya jioni, namalizia kidato cha nne. Mwalimu wa fasihi akatuuliza: ni kitu gani kinachomfanya mpelelezi wa hadithini apendwe? Mmoja akasema akili, mwingine ujasiri, wa tatu koti refu. Nikanyoosha mkono nikasema, "Ngeli." Darasa lilicheka hadi nadhani Chalinze walisikia. Nilifaulu, usijali. Lakini kengele ilinikatiza siku ile, basi ngoja nikueleze wewe.

Nimelelewa Zinga, kwa bibi mzaa mama. Uani kwake kulinukia moshi wa makumbi na muhogo unaochemka kwa tui, na tangu adhuhuri ulisikia kwaru, kwaru, kwaru: bibi kakalia mbuzi, kile kibao chenye ulimi wa chuma, anakuna nazi. Kazi yangu ilikuwa kukamua tui kwa kifumbu, na kuiba machicha nikidhani sionekani.

Pembeni yetu alikaa mkazamjomba, mke mpya wa mjomba wangu, aliyeletwa kutoka upande wa Chalinze na sanduku la bati. Ndani ya sanduku, chini ya kanga, mlikuwa na kitabu cha upelelezi kisicho na jalada. Kila alasiri alitusomea kurasa chache. Bibi hakujua kusoma hata jina lake, ila alibishana na kitabu kile kama wanaogombea mpaka wa shamba. Mpelelezi wake alikuwa mtu mnene, mwenye kikohozi kisichopona, na bibi alimpenda kwa kikohozi hicho. "Mtu asiye na kilema," alisema, "asipewe kazi ya kutafuta vilema vya wenzake."

Mkazamjomba alikuwa na lake pia. Kwao walizungumza Kikwere, na Kiswahili chake kilitia kila kitu katika ngeli moja. Mbuzi ilikula, ng'ombe ililala, mgeni ilikuja. Mwalimu wangu wa Kiswahili, aliyeishi nyumba ya nne kutoka kwetu, alikuwa hawezi kupita bila kumsahihisha juu ya ua: "Si imekula, amekula!" Nikikuambia mwalimu yule alisahihisha ngeli hata mazikoni utasema naongeza chumvi. Naongeza, lakini kidogo.

Basi Jumatano moja asubuhi jirani yetu muuza vitumbua aliingia uani kanga inamwanguka. Mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyoachiwa na marehemu mama yake, imeibiwa. Na kidole chake kikamwelekea mkazamjomba, kwa kuwa alfajiri ile alikwenda kwake kuomba kaa la moto. Ijumaa baada ya swala, alisema, inasomwa Halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi ambacho kwetu hata asiye na kosa akikisikia hujipapasa kifua.

Mkazamjomba aliingia ndani, akatoka na sanduku lake limefungwa kamba. Isomwe isisomwe, alisema, mwanamke aliyeitwa mwizi halali tena mahali hapo. Jumamosi anarudi kwao. Mjomba aliketi kizingitini anatazama makubadhi yake. Mimi nililia kwa sababu mbili, na nakiri ya pili ilikuwa zile sura tatu za kitabu zilizobaki.

Bibi akamwomba jirani kitu kimoja tu: asimwambie mtu hadi Ijumaa. Jirani alikubali, na kwake yeye kunyamaza ilikuwa funga kali kuliko ya Ramadhani. Kisha bibi akajitanda kanga, akanishika mkono, tukaenda nyumba hadi nyumba. Salamu ndefu, habari za wagonjwa, halafu sentensi ile ile: "Jirani yetu kapotelewa na mbuzi." Hakusema mbuzi yupi, wala mbuzi ipi. Na jirani alifuga mbuzi watatu, tena wasumbufu.

Nyumba ya kwanza: "Maskini, sijamwona. Kwani hakufungwa?" Ya pili: huenda kaingia kwenye mihogo, kamtazameni. Ya tatu walishasema kaliwa na watu wa Mapinga, na pilau wakaipika mdomoni.

Kwa mwalimu tulimkuta peke yake. Mkewe alikuwa kwao, kaenda kujifungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Jirani yetu kapotelewa na mbuzi."

"Sijaiona, bibi," akasema haraka. "Wala sijaigusa."

Mwalimu yule, aliyenichapa kwa kusema ng'ombe imelala! Bibi hakushtuka. Akauliza hali ya mzazi, akamwombea heri, kisha akainuka taratibu. "Basi mwalimu, ukimwona, mfunge kamba. Ukiiona, irudishe."

Njiani nilitaka kupiga kelele hadi ng'ambo ya Unguja. Bibi akanifinya sikio. "Yule wa kitabuni, akishamjua mwenye kosa, hufanya nini kwanza?"

"Hukohoa."

"Anakohoa ili mwenziwe apate nafasi ya kusema mwenyewe. Na wewe kohoa."

Nikakohoa hadi nyumbani.

Ijumaa asubuhi mwalimu alikuja uani kwetu, mbele ya jirani na mkazamjomba, kaibeba mbuzi kwapani. Imepakwa mafuta, na mguu wake wa nyuma ni mpya, mti wa mninga. Alikwenda kuiazima, hakumkuta mtu, akaichukua. Akaikalia kwa uzito wake wote, ikavunjika. Angeirudisha vipi bila wanafunzi kujua kwamba mwalimu wao, mwanamume mzima, amekalia mbuzi kukuna nazi? Akamwomba mkazamjomba radhi.

Mkazamjomba alikitazama kibao kile. "Mbuzi imerudi," akasema.

Mwalimu akafungua mdomo kusahihisha. Hapakuwa na cha kusahihisha. Akaufunga.

Jirani alicheka hadi akakaa chini, halafu akanyanyuka, akaifungua kamba ya sanduku kwa mikono yake mwenyewe. Alasiri tulisomewa sura mbili nzima badala ya kurasa chache, na vitumbua vya bure.

Bibi hayupo tena, wala jirani, wala mwalimu, Mungu awarehemu. Nazi sasa hukunwa kwa mashine sokoni, kwa kishindo hata huwezi kusikilizana na mtu, na vijana husema sijaiona kwa kila kitu, mnyama na kibao. Kwa ushahidi ule, leo bibi angekamata Zinga nzima.

Mkazamjomba bado yupo pale pale, na ngeli zake zimenyooka kuliko zangu. Juzi nilikwenda kumwamkia, nikamuuliza kile kitabu kisicho na jalada kiliishia wapi.

"Yupo," akasema. "Yupo sandukuni."

Sikumsahihisha. Nilikohoa tu.