Leo bampa haijagusa chini

Jamani, leo nimelia kwa sababu ya gari ambayo haijapata hata mkwaruzo.

Mnaijua gari yetu. Baba Neema kaishusha hadi paka hapiti chini yake.

Getini kwetu kuna mwinuko mkali, kwa hiyo kila tukirudi lazima aniambie, "Mama Neema, shuka kwanza, gari iwe nyepesi."

Nashuka na mtoto huku nimenuna. Na bado inakwaruza, krrr! Ni yeye na kile kitambi chake.

Sasa yuko Rungwa kikazi. Leo nimetoka kliniki na Neema, ndiyo mara ya kwanza kuipandisha peke yangu.

Nikaikata kiupandeupande kama alivyonifundisha. Nimekunja uso, nasubiri krrr.

Kimya. Imepita vizuri kabisa!

Bibi jirani akachungulia. "We mama Neema, leo mbona sijasikia ile kelele yenu?"

"Shikamoo bibi. Mwenye uzito hayupo."

Akacheka. Mimi nikabaki kwenye usukani machozi yananitoka, Neema ananishangaa.

Wenzangu ambao waume zenu wako mbali, mnafanyaje?

Baba Neema, ukipata mtandao ukaona hapa, wewe rudi tu. Nitashuka bila kununa. Bampa tutapaka rangi.