Dalia za Tuta la Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa bustani alinikabidhi reki na kunionyesha majani makavu. Nyumba ilikuwa kubwa, nje kidogo ya Washington, na tuta lake la mbele lilijaa dalia, maua mapana kama sahani, marefu kunipita. Nikasema moyoni, tuta lile nitalitunza mimi.

Msimamizi alikuwa Mkenya wa Meru, mkali, hasifu mtu. Kiangazi hicho aliponiachia dalia tatu, nilifanya ya kwetu Bukoba. Kwetu mgomba ukilemewa na mkungu, ukianza kuinama ndipo unaukatia mti wenye panda, unauegemeza. Nami nikangoja ziiname. Ikaja mvua ya radi alasiri moja, zote tatu chini! Shina la dalia liko wazi ndani kama bomba, likipinda limekwisha.

"Wewe Mama Bukoba," akaniambia, "unangoja mtu aanguke ndio umshike mkono?"

"Kwetu ndivyo tunavyofanya, Mzee."

"Hii si ndizi. Mwaka ujao nakupa tuta lote. Ikilala hata moja kabla ya siku ya wageni, watu wanapokuja kuitazama bustani, unarudi kwa reki yako."

Haki ya Mungu, nilijituma! Nilichomeka fimbo za mianzi siku ileile ya kupanda, kiazi cha dalia, ndicho mbegu yake, kikiwa bado hakijafukiwa, maana ukichelewa utakitoboa. Dalia ziliporefuka nikazifunga kwa vipande vya kanga kuukuu, kitanzi cha namba nane: duara moja kwenye fimbo, jingine kwenye shina, lilegee kidogo lisilikabe. Fimbo na mafundo yote nilivificha nyuma ya majani.

Siku moja kabla ya wageni, dhoruba ilivunja tawi la mti wa jirani. Nilijibanza kwenye kibanda cha zana nikisali. Ilipotulia nikatoka na Msimamizi. Dalia zilichuruzika maji, zote zimesimama.

Kesho yake mgeni mmoja, mama kutoka Woodbridge, akamwuliza Msimamizi, "Maua haya ni ya aina gani, mbona yanasimama yenyewe?"

Msimamizi akaninyooshea kidole. "Muulize huyu. Tuta ni lake."

Nililitunza mpaka nilipostaafu. Nyinyi mnaoshika kazi hii sasa, mtu akisifu maua yenu kuwa yanasimama yenyewe, msimsahihishe; maana yake fimbo zenu hakuziona. Mimi yule mama nilimwambia, "Ndiyo, yana nguvu sana," kisha nikaenda nyuma ya kibanda, nikalia kwa fahari.