Uungwana wa Baba

Harufu ninayoikumbuka ni ya tope bichi la kuta mpya. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwetu porini, upande wa Bukene, ambako nyumba ya jirani tuliijua kwa moshi wake tu, tukapangwa kwenye kijiji cha ujamaa, mlango ukitazamana na mlango. Kule kwetu Mama alipougua, Baba alichota maji, akasonga ugali, akatuogesha, na hakuna aliyejua. Hapa kila jicho lilituona.

Mvua zilipokwisha Mama alimzaa mdogo wangu Pius, akatokwa na damu nyingi. Mganga wa zahanati alimkataza kunyanyua kitu kizito mpaka atakapomruhusu yeye. Mimi nilikuwa bado mdogo. Sufuria niliyoweza kuibeba haikutosha hata kufulia nguo za mtoto. Basi Baba akajitwika ndoo kichwani, akapita katikati ya kijiji kwenda kisimani. Wanaume waliokuwa wakicheza bao waliacha mchezo. Mmoja akaigiza sauti ya kike: “Shikamoo, mama Monika!” Monika ni mimi. Wenzake walicheka mpaka wakakohoa.

Jioni alikuja Baba Mkubwa, kaka yake Baba, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti huyo ndiye aliyekuwa akitutangazia mikutanoni kwamba binadamu wote ni sawa, nasi tukipiga makofi. Walikula ugali wetu, wakausifu, bila kujua nani ameusonga.

“Umetuvua nguo,” Baba Mkubwa alisema. “Mwanamume muungwana hapiti na ndoo kichwani na mke wake yuko ndani.”

“Mganga amesema apumzike, kaka.”

“Mganga atahamishwa kesho. Sisi tutabaki na aibu yako.”

Baba akainamisha kichwa. Hakuwahi kubishana na mkubwa wake. Hiyo nayo ilihesabiwa uungwana. Mama alisikia yote kutoka chumbani.

Asubuhi Baba alivaa koti lake la kanisani, siku isiyo ya kanisa, akaenda kukaa na wanaume kwenye bao. Mama akajifunga kanga tumboni, akachukua ndoo. Nilimfuata nikiwa na Pius mgongoni. Tuliporudi, alisimama mbele ya wale wanaume, akawasalimu kwa adabu kama mke alivyotakiwa, nao wakamwitikia kwa adabu vilevile. Hakuna aliyeinuka kumpokea ndoo. Hata Baba. Hatukufika mlangoni kwetu. Magoti yalimwishia pale barabarani, maji yakamwagika, na damu ikafuata. Walimbeba juu ya kitanda cha kamba hadi stesheni, akafa kabla ya treni ya Tabora kufika.

Mazishini wanaume wale wale walivua kofia. Mama walimsifu kwa uvumilivu, Baba wakamsifu kwa kutodondosha chozi. Mwenyekiti alinishika mkono kwa upole sana kunisogeza kaburini. Nilitamani kumng’ata. Mpaka leo natamani.

Siku hizi maji yanafika uani kwangu hapa Ipuli, mjini Tabora, na kijana wa jirani anaanika nepi za mwanawe mchana kweupe bila mtu kugeuka. Nilidhani yale yamekwisha. Lakini mwaka jana, kwenye harusi ya binti wa Pius, mzee mmoja alishika kipaza sauti akamwusia bwana harusi: asionekane jikoni, asifue, asijishushe. Ukumbi ukapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele!

Nikamnyang’anya kile kipaza sauti. Nilisimulia yote niliyoyaandika hapa, mbele ya keki na wageni, na sikujali nani amekunja uso. Nilipomaliza nikamrudishia mzee kipaza sauti chake. Bwana harusi peke yake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini:

“Shangazi, na baba yako alisema nini?”

“Hakusema kitu, mwanangu,” nikamjibu. “Alikuwa muungwana.”