Mwenyekiti wa Mfongo na Kitabu cha Tatu

Doris alipanda kutoka Dar kuja kula Krismasi kwa babu yake, na alipoondoka akasahau vitabu viwili chini ya mto. Vilikuwa vya Kiingereza, vya vijana, vya aina ile ambayo dunia imeshaharibika na msichana wa miaka kumi na sita ndiye anayetegemewa kuitengeneza. Babu huyo, Mwalimu Filemon, alivishika kwa ncha za vidole. Alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, na aliamini kabisa kwamba kitabu chenye moto kwenye jalada hakiwezi kuwa na sarufi.

Alianza kusoma ili apate cha kumsema Doris kwenye simu. Kufika sura ya nne, ng'ombe alikuwa analia zizini kwa njaa na Mwalimu hasikii.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mji uliozungukwa na jangwa, na maji yote yako kwenye Mnara. Mwangalizi Mkuu hupiga filimbi, mtaa mmoja unafunguliwa na mwingine unafungwa. Aliyekosa siku moja ya kazi za Mnara hukatiwa maji, awe mgonjwa, awe amefiwa. Ndipo anatokea msichana Neva, ambaye mama yake amekatiwa, anaapa kuuchukua Mnara. Filemon alimpenda Neva kama mtoto wa kumzaa mwenyewe, na kumchukia Mwangalizi mpaka chakula kikawa hakipiti.

Sasa, Mwalimu Filemon alikuwa mwenyekiti wa mfongo. Huo ni mfereji waliouchimba mababu kutoka msituni huko juu, unaoshuka kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila familia, ukinywesha migomba na kahawa. Kiangazi kikiingia, maji yake hugawanywa kwa zamu, na mgawaji ni mwenyekiti. Mwenyekiti, bila shaka, ana filimbi.

Mwezi Desemba, siku ya kusafisha mfongo, jirani yake Valeria hakuonekana. Alikuwa Mabogini akimuuguza dada yake. Sheria ilisema asiyekuja anafungiwa maji kiangazi kizima, basi Filemon akamfungia. Valeria alikuwa mjane, na vuli ile alikuwa amepanda miche mipya ya kahawa baada ya kung'oa mibuni yote iliyozeeka. Miche ikifa hana kitu kingine. Alikwenda kujieleza. Filemon alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamjibu, "Nikikupa wewe, Mama Jovin, itabidi niwape na wengine. Mimi sina chuki na mtu. Natunza utaratibu tu."

Valeria akashukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akaanza kuteremka korongoni na ndoo.

Katika wiki hizo hizo, kila Jumapili baada ya misa, Filemon alikaa kwenye mbege, pombe ya ndizi, na kuwasimulia wenzake habari za Mnara. Alisimulia vizuri, ualimu haukuwa umemtoka. Aliigiza hata jinsi Mwangalizi anavyoshika filimbi yake. Eliufoo, ambaye kihamba chake kilipakana na cha Valeria, alimuuliza kwa upole kama huyo Mwangalizi kweli haoni anachowafanyia watu. Filemon akasema haoni, na kwamba watu wa namna hiyo ndio wabaya kuliko wote. Wazee wakainamia kata zao za mbege. Wakamwomba aendelee.

Kitabu cha pili kiliishia Neva akiwa mlangoni mwa Mnara, ufunguo mkononi, na nyuma yake hatua za mtu zinakaribia. Ukurasa unaofuata ulikuwa wa shukrani za mwandishi. Filemon aliusoma wote, huenda mmoja wa walioshukuriwa ametaja kilichotokea. Kisha akampigia Doris.

Doris alicheka sana kabla ya kujibu. Kitabu cha tatu kilikuwa kwa Mama Jovin. Likizo ya Juni alikuwa amemwazima hivyo viwili vya kwanza, na Krismasi hii ndipo mama huyo alipovirudisha na kuchukua cha mwisho. Kiingereza cha kuvisomea, Valeria alifundishwa na Filemon mwenyewe, tena alimchapa kwa ajili yake.

Alituma mtu akiulizie. Jibu likaja kwamba Mama Jovin bado anasoma. Baada ya wiki akatuma tena. Mama Jovin bado anasoma. Mwanamke anayeshinda na ndoo kichwani angesoma saa ngapi, Filemon hakujiuliza. Eliufoo, bila kutabasamu hata kidogo, akamshauri aende na isale.

Isale ni lile jani refu la mpakani mwa kihamba. Ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukataa kukusamehe. Na wewe unayelibeba, hutakiwi kutamka uongo. Filemon alichuma moja zuri, akavaa koti lake la kanisani, akaenda.

Alimkuta Valeria akimwagilia mche mmoja mmoja kwa kopo. Mingine ilikuwa imejikunja majani, mingine tayari imekauka. Valeria alitua ndoo, akamwamkia shikamoo, akamletea kigoda. Halafu akalitazama lile jani.

"Hili ni la maji, Mwalimu, au la kitabu?"

Ingekuwa rahisi kusema la maji, na Filemon alilifikiria jambo hilo kwa muda ambao si wa heshima. Lakini isale lilikuwa mkononi.

"La kitabu," akasema.

"Basi nimelipokea la kitabu."

Valeria akamweleza utaratibu. Kitabu hakitoki hapa. Atakisoma Jumamosi asubuhi, saa zile ambazo zamani zilikuwa zamu yake Valeria ya maji, akiwa amekaa hapo hapo kwenye miche. Ataanza ndoo ya kwanza ikifika na ataacha ya mwisho ikimwagwa. Filemon alikubali yote, na wala hakuona aibu. Mapenzi humfanya mtu hivyo.

Jumamosi ya kwanza Neva aliingia Mnarani, akapanda ngazi, akasukuma mlango, na Valeria akakitwaa kitabu. Filemon aliomba ukurasa mmoja tu.

"Nikikupa wewe, Mwalimu, itabidi niwape na wengine," alisema Valeria, akaingia nacho ndani.

Hata hapo hakushtuka. Alikasirika tu. Kilichomshtua kilikuja Jumamosi ya pili, pale Neva anapomuuliza Mwangalizi kwa nini aliua bustani ya mama yake. Mwangalizi anajibu bila hasira kwamba hana chuki na mtu. Yeye anatunza utaratibu tu.

Filemon alisoma mstari huo, akaurudia. Akainua macho. Valeria alikuwa anapanda kutoka korongoni, ndoo kichwani, shingo imekakamaa, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyechoka siku nyingi. Moyo ulimuuma Filemon, ukamuuma kweli. Aliweka kitabu kwenye kigoda, akapanda mpaka kwenye banio la mfongo, akalifungua kwa mikono yake. Maji yakaingia kwenye miche. Ilikuwa zamu ya Eliufoo.

Siku hiyo Valeria alimpa kitabu akaondoka nacho. Mwishoni Neva anauteka Mnara, watu wanashangilia, naye anakalia kiti cha Mwangalizi na kuuliza filimbi iko wapi. Filemon alikirudisha akiwa amenuna. Alisema mwandishi ameharibu kazi nzuri, msichana kama yule hawezi kufanya vile. Valeria alisema yeye hapo ndipo alipompenda zaidi.

Kikao cha mfongo kilikaa wiki hiyo hiyo. Filemon alikiri mbele ya wote, akaomba sheria ibadilishwe, muuguzaji na mfiwa wasifungiwe tena. Ikapita. Akaweka filimbi mezani, akajiuzulu. Wakamchagua Valeria, na aliyepiga makofi zaidi alikuwa Filemon, kwa furaha ya dhati.

Valeria aliifuta filimbi kwa kanga yake, akaijaribu. Kisha akasema jambo la kwanza ni maji ya Eliufoo, yaliyofunguliwa nje ya zamu. Sheria ya hilo haikuwa imebadilishwa: aliyefungua anafungiwa wiki moja. Filemon akamkumbusha kwa sauti ya chini ni miche ya nani iliyokunywa.

"Najua, Mwalimu, na ninashukuru," alisema Valeria. "Lakini sheria ni ya wote."

Wiki ile Filemon aliteremka korongoni na ndoo mbili kwa ajili ya migomba yake. Siku moja alisimama mpakani, akalishika jani la isale, akaliacha. Jioni alikwenda kukiazima tena kile kitabu. Akarudia sura ya mwisho, taratibu, na safari hii hakuona kosa lolote.