Sauti ya Inspekta Kibwana

Simu ya Brightson ilimkuta Felicitas Ndunguru Kurasini, akiwapakulia wali maharage madereva wa malori waliokuwa wakisubiri makontena bandarini.

"Shikamoo mama. Tunairudisha RB Namba Kumi," alisema Brightson, mtayarishaji wa tamthilia. "Na tunakutaka wewe mwenyewe, sio mtu mwingine."

Felicitas aliweka upawa chini. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Miaka ishirini nyuma alikuwa Koplo Stamili, askari wa kike wa kaunta katika RB Namba Kumi, tamthilia ya polisi iliyokuwa ikisubiriwa na mji mzima kila Jumapili. Hata sasa wapo madereva wanaomwita Koplo, na wengine wadogo wanaomwita hivyo bila kujua jina hilo lilikotoka.

"Na Inspekta Kibwana je?" aliuliza.

Brightson alisita. "Mzee Ismail? Si anaumwa yule, mama?"

"Anaumwa, hajafa. Bila yeye mie siji."

Ismail Chilumba ndiye aliyekuwa Inspekta Kibwana. Katika tamthilia ile ya zamani hapakuwa na bastola hata moja. Kulikuwa na meza, kiti cha mtuhumiwa, na sauti ya Ismail, nzito, isiyo na haraka. Hakuwahi kumpiga mtu. Aliuliza tu, akanyamaza, akauliza tena, mpaka mtu anasema mwenyewe. Watu walimwamini kiasi kwamba siku moja pale sokoni Tandika mama mmoja alimshika mkono akilia, akamweleza jinsi mumewe alivyomfungia nje na watoto. Ismail hakumwambia kwamba yeye ni mwigizaji tu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampeleka kituo cha polisi cha kweli na kukaa naye kwenye benchi mpaka alipoandikisha maelezo.

Mwaka jana kiharusi kilimwangusha akiwa kwa kinyozi, Mbagala Kizuiani. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa ganzi, mdomo ukapinda, na ile sauti ikasagika. Alichosema alikielewa mkewe Hamida, na Felicitas kidogo. Wengine waliitikia tu kwa kichwa, kwa adabu.

Felicitas alipompelekea habari, Ismail aliangua kilio mbele yake na Hamida bila kujificha. Brightson alikuwa amekubali kumpa onyesho moja tu: inspekta mstaafu anayetembelewa na kijana aliyekimbia kosa lake. Maneno yake yalikuwa haya: "Kaa chini, mwanangu. Nina muda wa kutosha."

Kwa miezi mitatu Ismail aliyafanyia kazi maneno hayo saba. Hospitali walikuwa wamemfundisha mazoezi ya ulimi, naye alikuwa ameyaacha kwa kukata tamaa. Sasa akayarudia asubuhi na alasiri, Hamida ameshika kioo mbele yake. Neno "mwanangu" lilimtesa. Alilirudia mpaka mate yanamtiririka kidevuni, Hamida anafuta, naye anaanza upya.

Siku ya kurekodi walimbeba kwa bajaji hadi nyumba moja ya kupanga Msasani. Kamera ikawashwa. Kijana aliyeigiza mkosaji akaingia. Ismail akamtazama muda mrefu, kama zamani, kisha akasema maneno yote saba, polepole, yamekwaruzika, moja likivuta jingine. Felicitas alisimama nyuma ya taa akimtazama. Katika miaka yote ya kaunta ile hakuwahi kumwona akiigiza vizuri kuliko siku hiyo.

Wiki tatu baadaye Brightson alimpigia tena.

"Mama, kuna ishu. Watu wa kituo cha runinga wameangalia, wanasema mzee haeleweki. Ama tukate onyesho lake, ama tuweke sauti ya mtu mwingine juu ya yake. Kuna mtangazaji mmoja anamwigiza, utadhani ndiye mwenyewe."

"Mwulizeni Ismail."

"Tukimwuliza atakataa, wewe unamjua. Na akikataa tunakata. Wanataka jibu leo."

Felicitas alimfikiria Hamida, aliyekwisha kuwaalika majirani wote. Akaifikiria sura ya Ismail endapo kipindi kitaisha bila yeye kutokea. Mafuta ya kukaangia samaki yalikuwa yanaungua kwenye karai.

"Wekeni sauti," alisema.

Mara mbili alikwenda Mbagala kumweleza. Mara ya kwanza alimkuta ananyolewa ndevu, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mara ya pili Hamida alikuwa akimpima kanzu mpya. Mara zote mbili alikunywa chai, akaaga.

Jumapili ya kipindi, saa moja jioni, ua wa Ismail ulijaa. Walikuwa wameazima mabenchi ya madrasa, na Hamida alikuwa amekaanga visheti vya beseni zima. Ismail aliketi mbele kabisa.

Kipindi kilianza kwa magari ya kifahari kufukuzana darajani Kigamboni. Inspekta mpya alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Kila aliyeulizwa swali alipigwa kofi kabla hajajibu. Koplo Stamili alikuwa amefanywa mama wa kuchemsha chai kituoni. Felicitas alijiona akipita na trei mara mbili, na mara zote mbili wenzake walimcheka. Majirani walianza kupiga soga. Wengine walitoa simu zao.

Ndipo Ismail alipotokea, watu wakashangilia. Kamera ilimsogelea usoni. Mdomo uliopinda ukafunguka, na ikatoka sauti safi, nzito, iliyonyooka: "Kaa chini, mwanangu. Nina muda wa kutosha." Sauti ilimaliza, midomo bado inahangaika.

"Allahu akbar, mzee amepona!" mtu alipaza sauti.

Makofi yakapigwa. Wakamfuata kitini, wanamshika mkono wake wa kushoto, wanampongeza. "Sauti ni ile ile, Afande!" Ismail alikuwa anatikisa kichwa. Alisema kitu, akakirudia, akapiga goti lake kwa ngumi. Hamida peke yake ndiye aliyemwelewa. Alisimama mbele ya runinga na kuizima.

"Anasema sio yeye," alisema. "Anasema hiyo sauti sio yake."

Watu walitazamana. Mmoja alicheka, akidhani ni utani. Felicitas alikuwa amekaa benchi la nyuma na kisheti mkononi.

Kesho yake Felicitas alikwenda ofisini Msasani kumwomba Brightson ile sauti halisi, hata kwenye simu, Ismail awe nayo tu. Brightson hakuwa mtu mbaya; alikuwa na haya hata ya kumtazama.

"Diski zilijaa, mama. Tulishafuta. Nisamehe."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja Mbagala. Alimkuta Ismail kitandani, ameelekea ukutani. Alipiga magoti sakafuni na kumweleza kila kitu: simu, mafuta yaliyoungua, neno alilolisema, chai alizokunywa akanyamaza.

Ismail akageuka na kusema jambo. Felicitas hakulishika.

"Rudia, kaka yangu."

Akarudia. Bado. Ikabidi amwombe mara ya tatu, na aibu ya kumwomba ilikuwa kubwa kuliko aibu iliyomleta.

"Ungeacha wakate," Ismail alisema.

Felicitas alitaka kusema aliogopa. Alitaka kusema alimpenda kama ndugu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotengeneza kitu.

Tangu siku hiyo Ismail hajasema tena. Daktari amekuja, amesema koo halina tatizo jipya, ulimi unaweza. Yeye hataki. RB Namba Kumi mpya iliondolewa hewani baada ya vipindi vitano kwa kukosa watazamaji, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi. Hamida alipomweleza mumewe habari hiyo, hakugeuza hata shingo.

"Wifi, siku hizi hata maji haombi," Hamida alimwambia Felicitas mlangoni, kanga imefunika mdomo. "Namkadiria tu kiu. Nitakadiria mpaka lini?"

Felicitas huenda kila Alhamisi akishafunga biashara. Hukaa kwenye kigoda kando ya kitanda na kumsimulia ya Kurasini, nani kapakia, nani gari limekwama. Ismail hamfukuzi. Hutazama bati, hapepesi, na Felicitas anapoaga hamwangalii. Wiki iliyopita aliinuka kuondoka. Akakaa tena, akafunika uso kwa viganja, akalia mpaka Hamida alipokuja kumshika bega.