Mafundo ya Kinyozi wa Kabambare

Mwaka ule mpunga wa Kasongo ulizaa hata panya wakaota vitambi, nami nikaota kivimbe kwenye kaakaa. Kilikuwa kama karanga, lakini ulimi ulikiona mlima: ulikipanda na kukishuka mchana kutwa kama mpagazi. Hakikuuma. Hilo ndilo lililonitisha, maana mimi niliyehitimu darasa la baada ya sala ya Isha nilijua kila kitu, na nilijua kwamba kisichouma kinakuficha jambo.

Kabambare kulikuwa na kinyozi mzee, mpiga chuku za kutoa damu na mng'oa meno. Kila kivimbe alichokiona kinywani mwa mtu alikifungia fundo. Kamba zake nne zilining'inia ukutani: ya kaakaa, ya midomo, ya mashavu na ya chini ya ulimi. Fundo moja, mwenyewe anaishi. Fundo juu ya fundo, amezikwa.

Mwaka wa pili baada ya mavuno yale nikaenda na mke wangu, siku sita kwa miguu, nikimuaga kila tuliyepishana naye.

"Unawaaga hata wasiokujua?" mke wangu akauliza.

"Ili wajue watakayemlilia!"

Nilipofika sikungoja salamu ziishe. Kamba ya kaakaa ilikuwa imefika sakafuni ikajikunja kama chatu. Ya midomo haikupita urefu wa mkono, ya mashavu ilikuwa nusu yake, na ile ya chini ya ulimi ilikuwa kidole tu.

"Mzee, sisi wa kaakaa tuko wengi! Hatuwezi kufa wote."

"Papasa mafundo kwanza, baba."

Nikapapasa. Moja, moja, maradufu. Moja, maradufu, maradufu. Jasho likanitoka la kumwagilia shamba. Ile kamba fupi ilikuwa maradufu karibu yote.

"Shukuru hakikukaa chini ya ulimi," mke wangu akasema, "na vile unavyoutumia."

Kinyozi akanawa kwa maji ya chumvi, akaingiza kidole.

"Iko tangu siku gani?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi."

"Inauma?"

"Hata kidogo! Ndiyo maana nimeshaandika wosia."

Mzee alicheka hadi kucha ikanigonga jino. "Ile ya kuua, mara nyingi inauma, inatoka kidonda, inakua mbio. Hii yako imelala tu. Lakini sifungi fundo mpaka nimeitoa na pahali pake pamepona."

Watu wanne wakanishika. Wembe ulipogusa nilipiga ukelele, nadhani hata wavuvi wa Nyangwe, mbali huko mtoni, walivuta nyavu kwa hofu. Kivimbe kikatoka kizima na ngozi yake, kama yai lililochemshwa.

Tukakaa Kabambare mwezi mzima, nikinywa uji na kuomba. Kidonda kikafunga. Mzee akapapasa kaakaa, akapapasa tena, kisha akashusha kamba ndefu na kufunga fundo moja.

"Kaza, mzee!" nikasema. "Kaza zaidi! Sivyo, zungusha huku!"

Mke wangu akaanza kukunja mikeka. "Amepona," akamwambia kinyozi. "Tuache twende, kabla hajakufundisha kunyoa."